Refa na Dadu Yenye Fisi

Refa alistaafu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya moyo. Moyo ulikuwa bado unakimbia huku na huko uwanjani. Magoti ndiyo yaliyogoma, tena hadharani: mpira ulikwenda goli la kule, yeye akabaki katikati ya uwanja ameinama kama mtu aliyeangusha sindano, na watazamaji wakamwimbia wimbo ambao mpaka leo hajamsimulia mkewe. Alirudi nyumbani na filimbi yake na kadi zake, akavifungia kwenye droo ya kabati la vyombo, akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni mtu wa mapumziko.

Mapumziko yenyewe yalidumu mpaka chai ya jioni. Mkewe alipomimina, Refa alisema kikombe chake kimepungua kuliko cha mwenzake. Mkewe alikuwa mkunga, mtu aliyezoea kusikia wengine wakipiga mayowe naye asitikisike. Alibadilisha vikombe, akanywa, akaendelea na habari zake. Basi nyumba ikawa na mwamuzi. Nani kaingia bafuni kabla ya nani, nani kaacha mlango wazi, nani kaanza kumkatiza mwenzake: yote yalipelekwa kwa Refa, au tuseme kweli, Refa aliyafuata huko huko yalikokuwa. Hakuna aliyemwita, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Asubuhi moja akijinyoa mbele ya kioo, aliona kidole chake cha shahada kimesimama chenyewe hewani, kinaionya dawa ya meno iliyoachwa bila kifuniko. Alijicheka mpaka povu likamwingia puani. Kisha akatoka bafuni kwenda kumtafuta aliyeacha ile dawa wazi.

Likizo ya shule ilipofika, binti yao alihamia kwao kwa muda pamoja na wanawe wawili. Paa la nyumba yake lilikuwa limeezuliwa na mafundi, na mumewe alikuwa kazini mbali. Mtoto mkubwa alikuwa msichana wa darasa la tatu, mwenye maneno makavu na kumbukumbu ya kutisha, ambaye ukoo mzima ulimwita Wakili. Mdogo wake, ambaye hajaanza shule, aliitwa Donge, kwa vile alikuwa wa mviringo na kwa vile alivyomkaba mtu kooni akikataliwa jambo.

Binti aliwanunulia wanawe mchezo wa mezani wasije wakabomoa nyumba ya watu. Ulikuwa mchezo mwepesi. Ndani ya sanduku mlikuwa na ubao wa kukunjua, uliochorwa njia ya miduara inayopindapinda kutoka porini hadi zizini. Mlikuwa na wanyama wadogo wa mbao, kila mchezaji na ng'ombe wake, mbuzi wake na kuku wake. Na mlikuwa na dadu moja, kubwa kidogo kuliko pipi, ambayo pande zake zote zilikuwa na nukta isipokuwa upande mmoja uliochorwa fisi anayecheka. Ukirusha ukapata nukta, unasogeza mnyama wako mbele. Ukipata fisi, yule mnyama wako aliyetangulia wenzake, ambaye hajaingia zizini, anarudi porini kuanza upya. Wa kwanza kuwaingiza wote zizini ameshinda. Hakuna zaidi ya hapo. Kwenye kifuniko paliandikwa kwamba mchezo unafaa kuanzia miaka minne. Kwa juu hapakuwekwa mpaka, kwa hiyo Refa alijiona yumo.

Ila hakutaka kucheza.

"Nyinyi chezeni," alisema, huku akivuta kiti mpaka katikati ya meza. "Mimi nitachezesha."

"Babu, huu hauchezeshwi," Wakili alisema. "Unachezwa tu."

"Hakuna mchezo usiochezeshwa, mama. Bila mwamuzi ni vurugu."

Binti alimwangalia mama yake. Mkunga alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Droo ya kabati ikafunguliwa.

Yaliyofuata Refa aliyakumbuka baadaye kwa aibu, lakini wakati yanatendeka aliona yote ni haki tupu. Kwanza alitaka ipigwe shilingi kuamua nani aanze. Halafu akaagiza kwamba dadu haihesabiwi mpaka mkono umefika juu ya kimo cha birika. Ikianguka sakafuni, imetoka, inarushwa upya kutoka pale ilipotokea. Donge akaipulizia dadu kwa bahati njema, Refa akasema pumzi hairuhusiwi. Baadaye dadu iliegemea ukingo wa sahani, haikulala upande huu wala ule. Refa akasimamisha mchezo. Akapiga magoti sakafuni ili macho yake yalingane na meza, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu, akatoa uamuzi wa nukta tatu. Kisha akagundua kwamba hawezi kuinuka. Mkewe na bintiye walimshika huku na huku makwapani, wakamrudisha kitini, naye akiwa bado anaeleza kwa nini ni tatu.

Donge alipopata fisi, na ng'ombe wake alikuwa karibu na zizi, midomo ilianza kumcheza.

"Onyo," Refa akasema, "kwa kuchelewesha mchezo." Akatoa kadi ya njano.

Donge hajawahi kuona kadi maishani mwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante babu, akaomba na ile nyingine.

Meza ilipohitajika kwa chakula cha jioni, hakuna mnyama hata mmoja aliyekuwa ameuvuka mlango wa zizi. Refa alilala akiwa ameridhika. Mechi ilikuwa ngumu, lakini alikuwa ameimudu.

Kesho yake watoto hawakuutaja mchezo. Wala keshokutwa. Refa akadhani wameuchoka; watoto wa siku hizi, alijisemea, hawadumu na kitu. Halafu mchana mmoja alikwenda kwa kinyozi, akakuta kumefungwa, akarudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alipofungua mlango wa nje alisikia kicheko kutoka chumbani kwake mwenyewe. Si kicheko cha kawaida. Ni kile cha mtu aliyeshika mbavu, anayeomba ahurumiwe, na sauti ilikuwa ya mkewe.

Alipiga hatua za kunyata, kadiri magoti yanavyoruhusu kunyata, akasukuma mlango. Kitandani walikaa mkewe, bintiye na wajukuu, wamekunja miguu, shuka limevutwa harakaharaka juu ya kitu chenye pembe nne. Mshangao uliwapiga wote kwa pamoja. Kuku mmoja wa mbao alikuwa amesahaulika juu ya mto.

"Tunapumzika, babu," Wakili alisema.

"Ndiyo," Donge akasema. "Fisi pia anapumzika."

Refa alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akawatakia mapumziko mema, akafunga mlango. Akaenda kukaa roshanini. Amewahi kutukanwa na uwanja mzima. Amewahi kusindikizwa na askari hadi kwenye gari. Hayo yote aliyabeba, kwa sababu aliamini kwamba watu hawamchukii yeye, wanaichukia sheria. Lakini kufichwa na mjukuu wa umri wa Donge, tena kwa shuka lake mwenyewe, lile lilimwingia mahali ambapo hapakuwa na sheria ya kujifunikia.

Binti alimfuata, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba, usivunjike moyo."

"Nani kavunjika moyo? Napunga hewa."

"Wanaupenda sana ule mchezo. Wanaogopa filimbi tu."

"Siku ile sikuipuliza."

"Ulikuwa umeiweka mdomoni, baba. Muda wote. Ulikuwa unapumua inalia."

Refa alijaribu kukumbuka, akasikia kweli ile sauti nyembamba, fyuu, fyuu, ikienda na kurudi juu ya meza kama birika linalokaribia kuchemka. Akaona jinsi alivyoonekana. Kicheko kilimtoka bila yeye kupenda, bintiye akacheka naye, na jioni ile alimwendea Wakili kwa heshima zote, akaomba kama anaweza kucheza. Si kuchezesha. Kucheza, kama mtu mwingine yeyote.

Wakili alimpima kwa macho. "Na nani atakuwa refa?"

"Nyinyi mlisema hauhitaji refa."

"Haukuhitaji," Wakili alisema. "Ukiingia wewe utahitaji."

Wakakubaliana kwamba mkunga ndiye atakayeamua, kwa kuwa hana haja ya kushinda na mikono yake haiogopi chochote. Mchana uliofuata, aliporudi kutoka zamu, alikaa mwisho wa meza na kufuma soksi, meza ikapanguswa, birika likapelekwa jikoni, Refa akapewa wanyama wa rangi ya kijani. Alijinyoosha vidole. Aliwaambia wajukuu wasimwonee haya, wacheze wawezavyo. Kusema ule ukweli, alikuwa amekwisha panga kwamba akifika karibu na ushindi atamwachia Donge, ili mtoto afurahi. Alikwisha iona hata sura atakayoivaa wakati wa kumwachia.

Alirusha dadu. Fisi.

"Hakuna tabu," alisema, kwa kuwa wanyama wake wote walikuwa bado porini na fisi hakuwa na wa kumrudisha. Akarusha tena zamu yake ilipofika. Fisi. Akacheka kidogo. Alipopata nukta hatimaye ilikuwa nukta moja. Ng'ombe wake alisogea mduara mmoja, akaonekana kama anayechungulia njia na kujutia. Wakati huo Donge alikuwa anarusha dadu ovyo, anarusha huku anaangalia dirishani, na kila akirusha anapata nne, anapata tano, wanyama wake wanatiririka kuelekea nyumbani kama wana miadi.

Taratibu, bila Refa mwenyewe kujua, maneno yalianza kumtoka.

"Huyu si kapulizia dadu?"

"Pumzi inaruhusiwa," mkunga alisema bila kuinua macho kwenye soksi.

"Mkono haujafika juu ya birika."

"Birika liko jikoni."

"Wewe hukuangalia. Ulikuwa unahesabu vitanzi. Refa gani anafuma?"

Alipolisema hilo alinyanyua mikono yote miwili, viganja juu, akageuka kuangalia ukuta kana kwamba kule kuna jukwaa la watu watakaomuunga mkono. Akajiona. Ilikuwa ile ile, mikono ile ile, ya wale wachezaji aliowachukia kazini mwake kuliko ugonjwa, wanaokuzunguka na kukuhemea usoni baada ya kila faulo. Alijiambia, shusha mikono, mzee. Mikono haikushuka.

"Onyo," mkunga alisema.

Wakili alichukua kadi ya njano kutoka kwenye droo, akamkabidhi bibi yake, bibi akamwonyesha mumewe, akaiweka kati ya nyuzi zake za kufumia. Refa akajikaza, na bahati ikamgeukia. Alipata tano, akapata nne, akapata tano tena. Ng'ombe akaingia zizini. Mbuzi akaingia. Kuku akafika mduara wa mwisho kabisa, pua yake kwenye mlango, na wakati huo Donge alibakiza kuku wake vilevile. Zile fikra za kumwachia mtoto ziliyeyuka, sijui zilikwenda wapi. Refa alishika dadu, akaitikisa muda mrefu, akairusha. Ikagonga bakuli la sukari, ikazunguka, ikalala.

Fisi alicheka.

"Imegonga bakuli," Refa alisema.

"Imelala sawa," mkunga alisema. "Kuku porini."

"Imegonga bakuli, mke wangu. Mbele ya macho yako. Na hii dadu yenyewe ina kasoro. Upande mmoja mzito. Ngoja niiangalie kwenye mwanga."

Akainuka nayo, akaenda roshanini, akaishika juu juani kati ya vidole viwili, akaigeuza. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa kipande cha mbao kilichosuguliwa vizuri, na fisi alikuwa anamwangalia yeye. Akaitupa.

Baadaye aliwaambia watu kwamba iliteleza. Haikuteleza. Mkono ulirudi nyuma, ukaja mbele, vidole vikaachia. Dadu ilipita juu ya nguo zilizoanikwa, ikagonga turubai la duka la chini, ikadunda mara moja, ikapotea. Kisha Donge akaanza kulia, si kwa kelele, bali kile kilio cha ndani kwa ndani kinachomfanya mtu mzima atafute pa kujificha.

Mkunga alitokeza mlangoni na soksi mkononi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alimwonyesha kadi nyekundu, akaielekeza ngazi.

"Nje," alisema. "Na usirudi bila dadu."

Sasa, lile turubai la chini halikuwa la mtu yeyote tu. Lilikuwa la Fundi, mshonaji nguo, na hapa ndipo Refa alipoanza kuteremka ngazi polepole kuliko hata magoti yalivyohitaji. Kwa sababu Fundi, ujanani mwake, alikuwa beki. Na katika fainali kubwa kuliko zote alizowahi kuchezesha, Refa alimtoa yule beki kwa kadi nyekundu mbele ya uwanja uliofurika, baada ya kumkwatua mshambuliaji aliyekuwa anakwenda kufunga. Timu ya beki ilifungwa. Ile kadi ndiyo iliyokuwa hadithi ya maisha ya Refa. Aliisimulia harusini, aliisimulia misibani watu walipokuwa wanasubiri jeneza. Mkono haukutetemeka, alikuwa anasema, uwanja mzima ulisimama na mkono haukutetemeka. Halafu miaka ikapita, na yule beki akaja kupanga duka chini ya roshani yake. Refa alijua moja kwa moja kwamba mtu yule ana kinyongo. Hakuwahi kumsalimia. Kila alipopita pale aliinua uso juu na kukaza mwendo, na suruali zake alizipeleka kwa mshonaji mwingine, mbali kule ng'ambo ya soko, akichechemea kwenda na kurudi.

Alifika mlangoni amekwisha panga hotuba. Ingeanza na kifungu cha sheria.

Fundi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, tepu shingoni, miwani puani, sare za shule zimerundikana mbele yake. Kwenye meza ya kukatia, kati ya vifungo na chaki, ilikuwa ile dadu. Alikuwa anairusha, anaitazama, anairusha tena.

"Karibu," Fundi alisema. "Hii yako?"

"Ya wajukuu. Iliteleza."

"Iliteleza kwa nguvu. Imetoboa turubai kidogo." Akaigeuza fisi juu. "Huyu anafanya nini?"

Refa hakuwa amekuja kueleza habari za fisi. Alikohoa. "Fundi, mimi najua una jambo na mimi moyoni. Nataka nikwambie mapema kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki. Ningeombwa leo, ningetoa kadi ile ile."

"Kadi ipi?"

Refa alidhani anafanyiwa dhihaka. Lakini uso wa Fundi ulikuwa mtupu kabisa, hauna kitu, uso wa mtu anayengoja kuelezwa. "Kadi nyekundu. Fainali. Wewe beki, mimi katikati."

"Aa," Fundi alisema, na uso ukamfunguka kwa furaha. "Ile. Basi hata sijawahi kupata nafasi ya kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Goti langu lilikuwa limekwisha tangu kipindi cha kwanza. Namwambia kocha nitoe, kocha ananiambia mwanamume hatoki fainalini. Nilikuwa nakimbia huku machozi yananitoka. Nilipomwona yule kijana anakuja na mpira nikasema, huyu ndiye mkombozi wangu. Nikamkwatua taratibu, hata hakuchubuka. Halafu nikakuangalia wewe, nikaomba kimoyomoyo, Mungu wangu, huyu mtu asije akanipa ya njano." Fundi alivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya tepu. "Ulipoitoa nyekundu nilikuja nikakupa mkono. Hukuniona. Ulikuwa unatazama jukwaani."

Refa alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya sare. Alizipitia harusi zote na misiba yote akilini mwake. Aliuona ule mkono usiotetemeka, na sasa ulionekana kama mkono wa mtu anayefungua mlango kwa abiria anayetaka kushuka.

"Kama huna kinyongo," alisema hatimaye, "mbona hujawahi kunisalimia?"

"Mimi? Wewe ndiye unapita hapa kila siku umeinua pua kama unayetafuta ndege. Nikasema mzee wa watu labda shingo yake mbovu." Fundi alimtazama kuanzia kiunoni hadi viatuni. "Halafu hizo suruali. Nilikuwa naziona nakaa kimya, si kazi yangu. Lakini huyo anayekushonea, hapendi mtu. Mguu huu na huu si ndugu."

Refa alijitazama miguu. Ni kweli. Alianza kucheka kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo, na Fundi naye akaanza, na mwanamke aliyekuwa anapita nje na kikapu aligeuka kuwaangalia wazee wawili wanaolia machozi kati ya marundo ya kaptura.

"Hujaniambia fisi anafanya nini," Fundi alisema walipotulia.

Refa akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na alipofika kwenye kuku aliyerudishwa kutoka mlangoni mwa zizi, Fundi alisonya kwa uchungu wa dhati.

"Mlangoni kabisa?"

"Pua yake ilikuwa ndani."

"Hiyo inauma. Kwa hiyo ndiyo maana iliteleza."

"Ndiyo maana," Refa alikiri. "Na wamenitoa nje."

Fundi aliitazama dadu, akazitazama sare, akaitazama saa ya ukutani. Akafunika cherehani kwa kitambaa. Alisema dadu haitoki dukani kwake bila yeye, kwa kuwa turubai lake limetobolewa na anadai angalau mchezo mmoja. Wakapanda ngazi pamoja, wote wawili wameng'ang'ania reli ya upande mmoja, wanapumzika kila pembe, kila mmoja akidai anapumzika kwa ajili ya mwenzake.

Mlango ulifunguliwa na Wakili. Aliitazama dadu, kisha mgeni, kisha babu.

"Huyu ndiye yule wa kadi nyekundu?" aliuliza. Watoto wote wa ukoo ule waliijua hadithi.

"Ndiye," Refa alisema. "Ila hadithi yenyewe nilikuwa naisimulia kinyume. Atakueleza mwenyewe."

Fundi alieleza, mezani, mbele ya chai, na mkunga, ambaye alikuwa ameisikia ile kadi tangu uchumba, aliweka soksi chini kwa mara ya kwanza siku ile. Alimmiminia mgeni kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, akamtazama mumewe kwa namna ambayo ingemfurahisha mtu mwingine yeyote duniani. Refa aligeuka akamwomba Donge msamaha. Donge alikuwa amekwisha sahau. Alitaka kujua tu kama dadu ikirushwa tena kutoka roshanini, safari hii yeye ndiye atakayeirusha.

Refa alivuta kiti chake.

"Wewe bado," mkunga alisema. "Kadi nyekundu inakosa mchezo unaofuata. Sheria hiyo naijua kwa sababu umenisomea mara nyingi kuliko sala."

Kwa hiyo Refa alikaa pembeni, kwenye kigoda kando ya friji, na mchezo wa kwanza akautazama mdomo umefungwa. Hakuna aliyejua jinsi ilivyomgharimu. Dadu iliegemea ukingo wa bakuli, haikulala upande huu wala ule, na watu wote wa mezani wakageuka kwa pamoja kumwangalia. Refa alitazama dari. Alianza kuhesabu nyufa.

"Arudie," mkunga alisema, na ikaisha hapo hapo, kabla hata Refa hajafika kwenye ufa wa pili. Alishangaa. Katika maisha yake hakuwahi kuona jambo la namna ile likiisha haraka hivyo.

Fundi alikuwa mchezaji wa ajabu. Akipata fisi anampigia makofi. Akirudishwa porini anasema afadhali, amechoka na zizi, kule kuna hewa. Donge alimpenda mara moja, akahamia magotini kwake, na Fundi alimvumilia mpaka goti lilipolalamika, akamrudisha kitini kwake. Donge alishinda, Wakili akawa wa pili na akataka ihesabiwe upya, ikahesabiwa upya, akawa wa pili vilevile.

Mchezo uliofuata Refa aliruhusiwa. Alirusha dadu kwa adabu. Alipata fisi, akasema "sawa" kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Akapata tena, akasema "sawa" nyingine iliyokuwa na nafuu kidogo. Mara ya tatu alisikia kicheko kinamtoka chenyewe, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amezunguka pori lile kiasi cha kulijua mti kwa mti. Alimaliza wa mwisho. Si wa mwisho wa karibu. Wenzake walikuwa wamekunywa chai ya pili, Fundi amewachukua vipimo watoto kwa ajili ya sare, na yeye bado yuko na mbuzi njiani, anarusha dadu peke yake, kwa kuwa Wakili alisema lazima amalize.

"Kwetu wa mwisho ndiye anayekusanya," Fundi alisema akiwa anajifunga tepu shingoni.

Wakili aliipenda sheria hiyo, akaipitisha pale pale.

Refa alikusanya. Kuku mmoja hakuonekana, na baada ya kuangalia kila mahali ambapo mtu mzima anaweza kuangalia akiwa wima, ilimlazimu aingie chini ya meza. Alimkuta kwenye mguu wa kiti cha mkewe, pamoja na ganda la kiazi. Donge aliingia nyuma yake kwa magoti, akakaa kando yake kana kwamba wako sebuleni.

"Babu, Fundi anakuja na kesho?"

"Muulize bibi. Mimi ni mchezaji tu."

Donge akatoka mbio kwenda kuuliza. Refa alijaribu kuinuka, akagonga kichwa, akakaa tena. Juu yake Fundi alikuwa ameanza kusimulia habari nyingine, ya bwana harusi aliyechukua suruali isiyo yake, na miguu yote chini ya meza ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Refa aliita mara moja kwamba mtu amsaidie. Hakuna aliyemsikia. Akamshika kuku wake, akaegemea mguu wa meza, akasikiliza ile habari ya bwana harusi mpaka mwisho.